Namna ya Kupima Nguvu ya Hoja katika Safu ya Gazeti

Kwenye kijiwe cha kahawa ninachopitia kila asubuhi kuna mzee mmoja anayenunua gazeti na kulisomea baraza zima. Habari za ukurasa wa mbele huzipitia haraka. Akifika kwenye kurasa za maoni huweka kikombe chini, hurekebisha miwani, kisha husoma safu neno kwa neno. Siku moja alisoma safu iliyotaka kodi fulani ifutwe. Baraza likaitikia: "Kweli kabisa!" Siku tatu baadaye akasoma safu ya mwandishi mwingine aliyetaka kodi ileile ibaki, tena ikusanywe kwa ukali zaidi. Watu walewale, wamekaa kwenye mabenchi yaleyale, wakaitikia tena: "Kweli kabisa!"

Siwalaumu hata kidogo. Safu imeandikwa ili uitikie, na mwandishi mzoefu anajua pa kukugusa. Lakini mtu hawezi kukubali mambo mawili yanayopingana ndani ya juma moja akasema ameshawishika. Kilichotokea ni kwamba amesomewa vizuri. Nimefundisha kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi na kulea klabu ya mdahalo ya shule, na hatua ninazoeleza hapa ndizo ninazowapitisha wanafunzi kila muhula mpya unapoanza. Zinahitaji gazeti moja, penseli, karatasi, na kama saa moja ya utulivu.

Jambo la kutenganisha tangu mwanzo ni hili: kuna swali la kama safu *inashawishi*, na kuna swali la kama *inastahili* kushawishi. Safu inaweza kuwa na hoja madhubuti ikawa kavu kiasi kwamba hakuna anayeimaliza. Nyingine inaweza kukutoa machozi huku haina hoja hata moja iliyosimama. Tathmini nzuri hujibu maswali yote mawili, kila moja kwa nafasi yake.

Kwanza jua unachosoma

Tahariri ni sauti ya gazeti lenyewe, na kwa kawaida haina jina la mwandishi. Safu ni ya mtu mmoja anayerudi kila wiki, jina lake na mara nyingi picha yake vikiwa juu. Makala ya mwalikwa huandikwa na mhadhiri, wakili, mwanaharakati au mtumishi mstaafu, na chini yake utakuta mstari unaomtambulisha, pengine na namba ya simu. Barua ya msomaji ni fupi na ya mara moja. Zote nne ni maoni, ila hazidaiwi vitu sawa. Ukiona ukurasa wenye mchanganyiko wa habari na maoni bila mpaka, hiyo nayo ni dosari ya kuandika kwenye karatasi yako.

Kumbuka pia kwamba kichwa cha makala mara nyingi hupangwa na wahariri. Usimhukumu mwandishi kwa kichwa kinachopiga kelele kuliko makala yenyewe.

Safu ya kufanyia mazoezi

Ili tusizungumze hewani, nimetunga safu fupi kuhusu jambo ambalo magazeti yetu ya Tanzania hayajawahi kulichoka: lugha ya kufundishia sekondari. Haikuchapishwa popote, ila kila sentensi yake ina ndugu zake magazetini.

"Juzi nilikutana na binti wa jirani yangu akitoka shule huku analia. Mwalimu alimwuliza swali la biolojia. Jibu alikuwa nalo, ila Kiingereza hakikumtoka. Huyu si peke yake. Watoto wetu hufeli si kwa kukosa akili, bali kwa sababu ya lugha. Imethibitishwa kwamba mtoto huelewa zaidi akifundishwa kwa lugha anayoijua. Wachina na Wajapani wameendelea kwa lugha zao. Wanaotetea Kiingereza ni wale ambao watoto wao wako shule za gharama. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Tungalianza kufundisha kwa Kiswahili tangu uhuru, leo tungalikuwa mbali. Serikali ianze mwakani."

Niseme wazi: mimi naunga mkono upande wa mwandishi huyu. Ninaamini mtoto wa sekondari angefundishwa vizuri zaidi kwa Kiswahili. Nimechagua safu ya upande wangu kwa makusudi, maana safu unayoikubali ndiyo inayokupita bila kukaguliwa, kama mgeni anayejulikana getini. Ukitaka kujizoeza, anza na ya upande wako.

Hatua ya kwanza: soma mara mbili

Mara ya kwanza soma kama msomaji wa kawaida, penseli mkononi. Piga mstari pale ulipokubali. Weka alama ya kuuliza pale uliposita. Chora duara pale moyo ulipogutuka, iwe kwa huruma, hasira au fahari. Usifikiri sana, kwa kuwa unachokusanya hapa ni ushahidi wa namna safu ilivyokufanyia kazi.

Nilipowapa wanafunzi safu hii, karibu wote walichora duara kwenye "jibu alikuwa nalo, ila Kiingereza hakikumtoka". Wengi walipiga mstari chini ya Wachina na Wajapani. Msichana mmoja tu, aliyekaa nyuma, aliweka alama ya kuuliza kwenye neno "mwakani". Nilipomuuliza sababu akajibu, "Mwalimu, mbona hajasema vitabu vitatoka wapi?" Tutarudi kwake.

Mara ya pili soma polepole, sasa ukitafuta mifupa.

Hatua ya pili: liandike dai kwa sentensi moja

Funga gazeti, kisha andika kwa maneno yako mwandishi anataka nani afanye nini, na kwa sababu gani. Ukishindwa, rudia. Ukishindwa tena, huenda kosa si lako. Kuna safu nyingi zinazolalamika ukurasa mzima bila kudai chochote.

Safu yetu inadai kwamba Serikali ibadilishe lugha ya kufundishia sekondari iwe Kiswahili kuanzia mwaka ujao, kwa kuwa Kiingereza ndicho kinachofelisha watoto. Ukilivunja dai hilo unapata vipande vitatu. Kiingereza ndicho chanzo cha tatizo. Kiswahili ndicho dawa. Dawa ianze mwakani.

Sasa rudi kwenye safu, na kila sentensi uipe kipande inachokitumikia. Binti anayelia anatumikia cha kwanza. Mtoto kuelewa zaidi kwa lugha anayoijua kunatumikia cha pili, na Wachina na Wajapani vilevile. Cha tatu hakina sentensi hata moja. Mwandishi amemaliza nguvu zake zote kuthibitisha kwamba kuna tatizo, kisha akaruka hadi kwenye tarehe ya utekelezaji. Yule msichana wa nyuma aliliona pengo hilo kabla yetu sote.

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa safu zetu, nami nauona kila wiki: tatizo linaelezwa kwa aya nane na suluhisho kwa mstari mmoja. Msomaji anafika mwisho akiwa na uchungu, na uchungu huo unaupitisha ule mstari mmoja bila kuulizwa.

Hatua ya tatu: jiulize safu inaongea na nani

Mchukue mama anayekaanga vitumbua alfajiri ili alipe ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza. Huyo ndiye mtu ambaye safu hii inapaswa kumgeuza. Isome safu kwa macho yake. Anaambiwa nini? Anaambiwa wanaotetea Kiingereza ni matajiri, naye si tajiri. Anaambiwa mkataa kwao mtumwa, naye hajakataa kwao, anamtafutia mwanawe kazi. Hofu yake halisi, kwamba mtoto asiyejua Kiingereza atafungiwa milango, haijatajwa popote.

Safu hiyo itapigiwa makofi na waliokwisha kukubali, na mama wa vitumbua itamwacha palepale alipokuwa, pengine na hasira kidogo. Andika hilo kwenye karatasi. Nguvu ya ushawishi hupimwa kwa msomaji mwenye shaka.

Hatua ya nne: kagua ushahidi, kila aina kwa kipimo chake

*Kisa.* Kisa cha binti kina kazi mbili, na lazima uzitenganishe. Kama mchoro kinatosha kabisa: kinaonyesha tofauti ya kutojua somo na kutojua lugha ya somo, jambo ambalo jedwali la takwimu haliwezi kukuonyesha. Kama uthibitisho wa hali ya nchi hakitoshi, kwa kuwa binti ni mmoja. Usimnyang'anye mwandishi alama kwa kutumia hisia. Mnyang'anye pale anaposema "huyu si peke yake" halafu asilete wa pili.

*Takwimu.* Safu yetu haina, ila utakutana nazo sana. Ukisoma kwamba "ufaulu umepanda", uliza ni ufaulu upi. Katika matokeo ya kidato cha nne Tanzania, aliyefaulu ni yeyote mwenye daraja la kwanza hadi la nne. Ubora wa ufaulu huhesabiwa kwa daraja la kwanza hadi la tatu pekee. Waandishi wawili wanaweza kutumia matokeo ya mwaka uleule, mmoja akashangilia na mwingine akaomboleza, na wote wasiwe wamedanganya. Uliza pia asilimia ya nini. Shule yenye watahiniwa wanne waliofaulu mwaka jana na sita mwaka huu "imepandisha ufaulu kwa asilimia 50".

*Utafiti usio na jina.* "Imethibitishwa" na nani, lini, kwa wanafunzi wa wapi? Nafasi ya gazeti ni ndogo, simdai mwandishi orodha ya vitabu. Namdai maneno matatu manne yanayoniwezesha kwenda kutafuta mwenyewe. Kwa bahati, jambo analolisema hapa linaungwa mkono na tafiti nyingi za elimu, kwa hiyo amejidhoofisha bure kwa uvivu wa kutaja hata mmoja.

*Mtu mkubwa.* Katika mjadala huu jina la Mwalimu Nyerere haliepukiki. Upande mmoja hukumbusha kwamba chini ya uongozi wake Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na kwamba mwenyewe alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kuonyesha lugha hii inabeba mzigo wowote. Upande wa pili hunukuu kauli yake maarufu kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, na kukumbusha kwamba sekondari ilibaki kwa Kiingereza enzi zake. Wote wana Nyerere wao. Kwa hiyo jina peke yake halimalizi shauri. Uliza alisema nini, katika mazingira gani, na sababu aliyoitoa inasimama leo?

*Mlinganisho.* Wachina na Wajapani. Hapa wanafunzi wangu wengi walipiga mstari, na hapa pana udhaifu. Mlinganisho una nguvu kadiri vitu viwili vinavyofanana *katika jambo linalobishaniwa*. Japani haikuwa na lugha ya mkoloni iliyokwisha kukaa sekondari zake zote, vitabu na mitihani ikiwa imeandikwa kwa lugha hiyo. Malaysia ingefaa zaidi. Ilitawaliwa na Waingereza kama sisi, mwaka 2003 ikarudisha Kiingereza kufundishia hisabati na sayansi, na mwaka 2009 ikatangaza kuachana na mpango huo kuanzia 2012. Mwandishi anayeitaja Malaysia ameonyesha kwamba amehangaika kutafuta nchi inayofanana na yetu. Na mwandishi wa upande wa pili angemjibu kwa Rwanda, iliyoamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kuhamia Kiingereza. Hapo mjadala unakuwa na kitu cha kutafuna.

*Methali.* Hili ni letu hasa. Methali huingia kwenye safu ya Kiswahili kama shahidi aliyekwisha kuapishwa. Ikitamkwa, baraza linatulia. Lakini wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na wahenga haohao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa kila uamuzi kuna methali ya kuusukuma na nyingine ya kuuzuia. Kwa hiyo ipe methali heshima yake, inapendeza na inakumbukwa, ila kwenye hesabu ya ushahidi iandikie sifuri. Jaribio langu ni rahisi: futa methali, soma aya upya. Kama aya imebaki na hoja, methali ilikuwa kitoweo. Kama aya imekufa, methali ndiyo iliyokuwa chakula chote.

Hatua ya tano: tafuta daraja lililofichwa

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo ninayoipa muda mrefu zaidi darasani.

Kati ya ushahidi na dai kuna daraja, yaani jambo ambalo lazima liwe kweli ili ushahidi ukufikishe kwenye dai. Mara nyingi mwandishi halitaji, ama kwa kuliona dhahiri ama kwa kutoliona kabisa. Kulipata, andika: "Ushahidi ni huu. Dai ni hili. Ili kutoka pale kufika hapa, lazima pia iwe kweli kwamba..." Kisha malizia.

Historia ya suala hili inatupa mfano ambao sijaona wa kuupita. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza ifikapo Januari 1985. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta wengi wa sekondari hawana lugha ya kutosha kufuata masomo. Ushahidi wao ungeweza kuwa zawadi kwa watu wa Makweta. Lakini pendekezo lao lilikuwa kinyume: Kiingereza kibaki na kiimarishwe, na mradi wa kukiimarisha ukafuata kwa fedha za Uingereza.

Itazame hali hiyo kwa makini. Tatizo ni moja, watoto hawaelewi Kiingereza cha darasani. Mapendekezo ni mawili yanayopingana. Tofauti haiko kwenye ushahidi, iko kwenye daraja. Upande mmoja unachukulia kwamba mtoto asome masomo kwa lugha anayoijua, na lugha ya kigeni ifundishwe vizuri kama somo. Upande mwingine unachukulia kwamba lugha ya kigeni hujulikana kwa kuishi nayo darasani kutwa, na ukiiondoa kwenye hisabati na historia utaiua. Mama wa vitumbua amesimama kwenye daraja hilo la pili, ijapokuwa hajawahi kumsikia Criper wala Dodd.

Kwa hiyo swali lenye uzito ni hili: je, kufundishwa *kwa* Kiingereza kunamfundisha mtoto Kiingereza? Safu yoyote ya lugha isiyogusa swali hilo, hata iwe tamu vipi, imepigania uwanja usio na vita. Ya kwetu haikuligusa. Inatoka kwenye machozi ya binti moja kwa moja hadi kwenye Kiswahili, kana kwamba kuona jeraha ni sawa na kujua dawa yake. Criper na Dodd waliliona jeraha hilohilo.

Kuna daraja la pili kwenye sentensi ya "hufeli kwa sababu ya lugha". Lazima iwe kweli kwamba vikwazo vingine si vikubwa. Lijaribu kwa kutafuta mahali ambapo sababu hiyo haipo: hisabati ya darasa la saba katika shule za kawaida za msingi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili, na bado inawatesa watoto wengi. Hiyo haithibitishi kwamba lugha haina kosa sekondari. Inathibitisha kwamba haiwezi kuwa sababu ya pekee, na kwamba mwandishi amesema zaidi ya alichokijua.

Hatua ya sita: sikiliza sarufi

Kiswahili kina viungo vidogo vinavyobeba madai makubwa. Nilivigundua kwa kusahihisha insha, na tangu hapo navitafuta kila ninaposoma.

Kiambishi *hu-*: "watoto hufeli". Hakina wakati, hakina idadi, hakina mahali. Ni lugha ya mambo ya kawaida, kama jua huchomoza. Uliza ni watoto wangapi, wa shule gani, mwaka gani.

Kauli ya kutendwa na ya kutendeka: "imethibitishwa", "inadaiwa", "imebainika", "imeonekana". Mtendaji ametoweka. Rudisha sentensi kwenye kauli ya kutenda na utafute jina la kuweka mbele. Ukilikosa, huna ushahidi, una uvumi uliovaa tai.

*-nge-* na *-ngali-*: "Tungalianza... tungalikuwa mbali". Hakuna awezaye kurudi mwaka 1961 kuhakiki. Sentensi kama hizo zinaruhusiwa kama mawazo, lakini hazipaswi kubeba paa.

Mwisho ni *-etu* na *-ao*. "Watoto wetu" dhidi ya "wale ambao watoto wao wako shule za gharama". Kwa neno dogo kama hilo tu, mwandishi ameshakuchagulia upande. Kila unapokutana na "sisi", uliza kama kweli umo.

Hatua ya saba: upande wa pili na vilivyoachwa

Mwandishi amemtaja mpinzani wake? Kama ndiyo, ametaja hoja yake au tabia yake tu? Safu yetu ilitaja mifuko yake. Huenda ni kweli baadhi ya watetezi wa Kiingereza wana watoto kwenye shule za gharama, kama ambavyo baadhi ya watetezi wa Kiswahili nao wanao. Hilo linaweza kukufanya uwe macho. Halijibu hoja yoyote. Kipimo changu ni kwamba mpinzani akisoma muhtasari wa hoja yake ndani ya safu aseme: "Naam, hivyo ndivyo nisemavyo."

Vilivyoachwa ni vigumu kuviona, kwa kuwa inabidi ujue jambo kutoka nje ya safu. Chukua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014. Mara nyingi husomwa kwamba ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia ngazi zote. Ni kweli sera ilisema Kiswahili kitatumika ngazi zote. Lakini sera hiyohiyo ilisema pia matumizi ya Kiingereza katika kufundishia yataendelea kuimarishwa. Anayenukuu nusu ya kwanza pekee, au nusu ya pili pekee, amekupa ukweli uliokatwa. Zaidi ya hapo, sera hiyo ina toleo la mwaka 2023, kwa hiyo makala ya leo inayoishia 2014 haijafika mwisho wa habari yake. Sera na ripoti za Serikali hupatikana kwenye tovuti za wizara. Fungua, tafuta kifungu, soma na cha jirani yake. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya nane: mwandishi mwenyewe

Fanya hili mwishoni, ukishaipima hoja, la sivyo jina litakupofusha. Ana ujuzi wa jambo hili au wa jambo jingine? Ana maslahi, na ameyasema? Mwenye shule binafsi anayetetea Kiingereza, au mwenye kampuni ya vitabu vya Kiswahili anayetetea Kiswahili, anaweza kuwa na hoja sahihi kabisa. Ila alipaswa kutuambia.

Hatua ya tisa: andika hukumu yako

Ukurasa mmoja unatosha. Anza na dai la mwandishi kwa uaminifu, eleza kinachofanya kazi, eleza panapovunjika, kisha utaje msomaji gani atashawishika na yupi hatashawishika. Usitumie alama za "nzuri" na "mbaya" peke yake. Hii hapa hukumu niliyoiandika ubaoni kuhusu safu yetu:

"Mwandishi anataka Kiswahili kifundishie sekondari kuanzia mwakani. Kisa chake cha ufunguzi kina nguvu, kwa sababu kinatenganisha kutojua somo na kutojua lugha, nasi tunaiona tofauti hiyo usoni mwa mtoto mmoja. Lakini tatizo alilolionyesha limewahi kuonekana pia na waliopendekeza Kiingereza kiimarishwe, naye hasemi kwa nini walikosea. Mlinganisho wake ni wa nchi zisizofanana nasi, utafiti wake hauna jina, na methali inakaa mahali pa hoja. Kuhusu vitabu, walimu na mitihani ya mwakani hakuna neno, wakati Tume ya Makweta, iliyotaka jambo hilihili, ilijipa miaka mitatu. Safu itawatia moyo waliokwisha kukubali. Mzazi anayelipa ada ya mchepuo wa Kiingereza haitamgusa, maana hofu yake haimo."

Ukitaka kuipeleka hukumu kama hiyo gazetini, ifupishe iwe barua. Taja jina la safu na tarehe iliyotoka kwenye sentensi ya kwanza. Chagua kasoro moja tu, iliyo kubwa kuliko zote, kwa hapa ningechagua daraja, na uieleze kwa aya mbili. Nukuu maneno ya mwandishi kama yalivyo, usiyapindishe. Weka jina lako kamili na namba ya simu ili mhariri aweze kukuhakiki.

Yule msichana wa nyuma aliandika yake. Ilikuwa na sentensi sita, zote kuhusu vitabu.